Duka kwa Jina la Mwenziwe: Masharti ya Kulihamisha na Amana Iliyo Ndani Yake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewahalalishia waja wake biashara na akawaharimishia riba. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na aali zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika mambo yanayoulizwa sana na watu wa biashara zama hizi ni hukumu ya mtu anayeendesha duka, au mkahawa, au kituo cha mafuta, kwa jina la kampuni isiyokuwa yake, kisha akataka kutoka na kumwachia mtu wa tatu kwa malipo. Biashara ya namna hii imezoeleka kuitwa franchaizi. Maana yake ni kuwa mwenye jina humpa mtu idhini ya kulitumia jina lake, na alama yake, na njia yake ya kufanya kazi, kwa muda maalumu na kwa ada maalumu, na yule mpewa idhini hutoa mali yake na jasho lake. Pwani hii jambo hili si geni. Kituo cha mafuta huonekana kina rangi na jina la kampuni kubwa, na mwendeshaji wake ni mtu wa mjini ambaye watu wamjua kwa baba na babu.

Basi mtu huyu akitaka kuuza, swali la kwanza ni hili: anauza nini? Na swali la pili ni gumu kuliko la kwanza: watu wanaokuja dukani kwa kuliamini jina, je, imani yao ni bidhaa ya kutiwa mizanini?

Na ajue msomaji ya kuwa katika biashara hii mna vitu vinne vilivyochanganyika, na fitina nyingi huzuka kwa kutovitenga. Cha kwanza ni vitu vya kuonekana: bidhaa, meza, mizani, mashine, magari. Hivyo ni mali ya muuzaji, na kuviuza ni kama kuuza kitu chochote. Cha pili ni mahali, yaani haki ya kukaa katika jengo la kukodi, na malipo yake ndiyo yaitwayo kilemba. Cha tatu ni idhini ya kulitumia jina. Cha nne ni wateja na mazoea yao. Hiki cha nne ndicho kinachoongeza bei, na ndicho kisichoshikika mkononi.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi'i wametaja sharti tano za kitu kinachouzwa: kiwe tohara, kiwe na manufaa, kiweze kukabidhiwa, kiwe katika miliki ya mwenye kuuza au awe na mamlaka juu yake, na kijulikane na wote wawili. Mwenye kuzipima sharti hizi juu ya vile vitu vinne ataona ya kuwa tatu za mwisho ndizo zenye mashaka hapa. Jina si miliki ya muuzaji. Wateja hawawezi kukabidhiwa kama ng'ombe wakabidhiwavyo kwa kamba. Na faida ya kesho haijulikani na yeyote ila Mola.

Akiuliza mtu, "Je, jina lenyewe ni mali hata liuzwe?" atajibiwa ya kuwa wanavyuoni wa Kishafii tangu kale wamehesabu manufaa kuwa ni mali, si vitu vya kushikika peke yake. Na katika zama hizi Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lililoko Jeddah lilikutana Kuwait katika Disemba 1988, likatoa azimio nambari 43 kuhusu haki hizi. Likasema ya kuwa jina la biashara na alama yake, na kadhalika utunzi na uvumbuzi, ni haki za wenyewe zenye thamani kwa desturi ya watu wa leo. Haijuzu kuzivamia, na yajuzu kuzihamisha kwa mali, kwa sharti pasiwe na ghururi wala hadaa wala udanganyifu. Basi jina ni haki. Lakini haki hiyo ni ya mwenye jina. Aliyepewa idhini hana ila kulitumia kwa muda wake, kama mpangaji asivyokuwa na nyumba ila kukaa ndani yake.

Kutokana na hayo yapatikana sharti la kwanza na lililo kubwa kuliko yote, nayo ni radhi ya mwenye jina. Mikataba ya biashara hizi karibu yote yaitaja, na wengi huiona kuwa ni uonevu wa wakubwa juu ya wadogo. Lakini fiqhi yaijua maana yake tangu zamani. Wakili hana ruhusa ya kumpa uwakili mtu mwingine katika kazi anayoiweza mwenyewe, ila kwa idhini ya aliyemweka. Mwenye kufanya kazi kwa mali ya mwingine katika qiradhi hawezi kumkabidhi mtu wa tatu mali ile kwa shauri lake. Na katika hawala, mwenye kudaiwa akitaka kulihamisha deni lake kwa mtu mwingine, hapana budi mwenye kudai aridhie, kwani dhima za watu hazilingani: huyu hulipa upesi, na yule huzungusha. Basi mpewa idhini yuamdai mwenye jina haki, na yuadaiwa naye wajibu: kulinda usafi, kutoghushi kipimo, kulipa ada. Haki yake aweza kumwachia mtu. Wajibu wake hawezi kumtwika mwingine mpaka mwenye kudai wajibu ule akubali.

Na akisema mtu, "Ikiwa ni hivyo, mwenye jina aweza kukataa apendavyo, na mtu akafungwa na duka lake mpaka afe," jawabu ni kuwa radhi si silaha. Sheria imekataza kudhuriana, na mwenye haki akiitumia haki yake kwa kusudi la kumdhuru mwenziwe tu, hana faida yake, basi ametoka katika uadilifu hata kama karatasi yamlinda. Kumkataa mnunuzi kwa sababu hana mtaji, au hana elimu ya kazi, au ajulikana kwa khiyana, hiyo ni hifadhi ya jina. Kumkataa kila mnunuzi ili muuzaji achoke na aliuze duka kwa bei ya kutupa, kisha mwenye jina alichukue mwenyewe, huo ni ujanja wa kula mali ya watu.

Baada ya radhi hufuata masharti mengine, na yafaa yatajwe moja moja, kwani mwenye kuyajua mapema hahadaiwi.

La pili: hesabu zilizopita zisafishwe. Ada zilizolimbikizwa, deni la bidhaa, mishahara ya watumishi, kodi ya mahali na kodi ya serikali, yote yalipwe au yaandikwe nani atayalipa. Deni halifi kwa kubadilika kibao cha mlangoni.

La tatu: muda uliobaki uhesabiwe. Idhini huwa na mwisho, pengine miaka 5, pengine 10, pengine 20. Aliyebakiwa na miaka miwili hauzi ila miaka miwili, hata kama ameketi hapo miaka thelathini. Lile Baraza lililotajwa, katika kikao chake cha Jeddah cha Februari 1988, lilibainisha hukumu ya kilemba. Mpangaji aweza kuchukua mali kwa mwenye kuingia mahali pake maadamu muda wake haujesha, na kwa kuchunga mkataba wake na mwenye nyumba. Muda ukisha, haki yake imekwisha, na hana tena cha kuuza. Hukumu hiyo ya jengo yafaa kupimiwa idhini ya jina, kwa kuwa sababu ni moja: manufaa yaliyokoma hayana bei.

La nne: mnunuzi awe ni mtu wa kuiweza kazi. Wenye majina huchungua mali yake na mwendo wake, na wengi humtaka ajifunze kazi kabla hajakabidhiwa ufunguo. Hili ni jema, kwani mteja anayekuja kwa jina hajui ya kuwa mkono umebadilika.

La tano: ada ya kuhamisha. Mara nyingi mwenye jina hutoza kitu kwa ajili ya kuchungua, na kufundisha, na kuandika upya. Ikiwa ilitajwa katika mkataba wa kwanza, au ni ujira wa kazi iliyofanywa, haina ubaya. Ama ikizushwa siku ya haja, kwa kuwa muuzaji ni mgonjwa au amebanwa na deni, ina harufu ya kumuuzia mtu mlango wa nyumba yake mwenyewe.

La sita: haki ya kutangulizwa. Mikataba mingi humpa mwenye jina nafasi ya kununua kabla ya mgeni kwa bei ile ile. Watu wengine huiita shufaa, na si shufaa. Shufaa kwa Mashafii ni haki ya mshirika katika ardhi iliyo ya shirika, ambaye hisa ya mwenziwe imeuzwa kwa mgeni, na hata jirani hana. Hii ya mikatabani ni ahadi waliyopeana watu wawili. Itekelezwe kwa kuwa ni ahadi, wala isivishwe joho la hukumu isiyokuwa yake. Na mwenye kutangulizwa aseme upesi, asimtundike mtu miezi kwa neno "ntafikiri".

La saba: mwenye jengo. Huenda mwenye jina ameridhia na mwenye nyumba hajaridhia, na mnunuzi akajikuta ana jina bila ya mlango. Radhi zote mbili zipatikane kabla ya fedha kutolewa.

La nane: dhima ya muuzaji baada ya kuuza. Hapa pana mtego ulionasa wengi. Pengine muuzaji adhani ametoka, na kumbe katika karatasi amebaki mdhamini wa yule aliyeingia. Hawala na dhamana ni mambo mawili mbali mbali. Katika hawala aliyehamisha huwa huru. Katika dhamana, kwa madhehebu ya Shafi'i, mwenye kudai ana khiari ya kumdai mdaiwa au mdhamini, yeyote amtakaye. Basi mwenye kuuza na aulize waziwazi, na jawabu liandikwe: je, nimeachiliwa, au nimedhamini?

Hayo ni masharti ya karatasi. Limebaki sharti ambalo karatasi hailitoshi, nalo ni kusema kweli juu ya kinachouzwa. Na ichukuliwe mfano wa Zaid na Amru, kama ilivyo ada ya vitabu.

Zaid ana kituo cha mafuta kwa jina la kampuni, na hesabu zake za miaka mitatu ni nzuri. Amru ni mwalimu aliyestaafu, naye ana kiinua mgongo chake na shamba la minazi aliloachiwa na mama yake, na yu tayari kuliuza lile shamba ili anunue. Zaid amepata habari ya kuwa njia kuu itahamishwa, na magari hayatapita tena mlangoni pake baada ya mwaka. Amru hajui. Hesabu alizoonyeshwa ni za kweli, tarakimu kwa tarakimu. Zaid hakusema uwongo hata neno moja. Je, amemghushi?

Yuko atakayesema ya kuwa hakumghushi. Atasema: aibu inayopasa kubainishwa ni aibu iliyo ndani ya kitu chenyewe, kama mnyama kilema au nguo iliyotoboka. Kupanda na kushuka kwa soko si aibu ya kitu, na kila mfanyabiashara hupata habari mbele ya mwenziwe, na hiyo ndiyo riziki ya mwenye macho. Hoja hii ina nguvu, wala haifai kubezwa. Lau kwamba Zaid aliuza magunia ya mchele, na yuajua ya kuwa jahazi jingine la mchele laja, wako wangemtetea.

Lakini na atazame mwenye hoja: Amru ananunua nini? Si matangi, kwani matangi ni ya kampuni. Si jina, kwani jina ni la kampuni. Sehemu kubwa ya bei ile ni ya wateja wapitao njiani. Wateja ndio kitu chenyewe kinachouzwa, na habari ya kuondoka kwao ni aibu iliyo katikati ya moyo wa kitu, si nje yake. Mwenye kuichukua bei ya wateja naye yuajua ya kuwa wateja wanaondoka, ni kama mwenye kuuza kisima naye yuajua ya kuwa maji yanakauka, kisha akajisifu ya kuwa hakusema uwongo juu ya kina cha kisima.

Na Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, akakuta unyevu. Mwenyewe akataja mvua kuwa ndiyo sababu. Mtume akamuuliza kwa nini asiuweke juu watu wauone, na akajitenga na mwenye kughushi. Mtu yule hakusema neno la uwongo. Aliuficha unyevu chini ya kikavu. Kadhalika Mtume alikataza watu kutoka nje ya mji kuulaki msafara na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajaijua bei ya soko, na muuzaji akapewa khiari akifika sokoni. Kwa hiyo si kila habari aliyotangulia nayo mtu ni halali kuifanya mtego wa ghafla kwa asiyejua.

Na amana hii haimhusu muuzaji peke yake. Imepokewa ya kuwa Wathila bin al-Asqa', sahaba wa Mtume, alimwona mtu amenunua ngamia mwenye aibu kwatoni, naye si muuzaji wala mnunuzi. Akamfuata mnunuzi na kumwambia. Muuzaji akalalamika ya kuwa amemharibia biashara yake, na Wathila akamjibu kwa aliyoyasikia kwa Mtume: ya kuwa haimhalalikii anayejua aibu kunyamaza. Basi kampuni yenye jina, ikiwa yajua ya kuwa kituo kile chafa, na ikapokea ada ya kuhamisha na kutia sahihi huku imefumba mdomo, imeshirikiana na Zaid. Na dalali naye, na mwandishi wa mkataba naye, kila mtu kwa kadiri ya ujuzi wake.

Serikali nyingine zimeitambua hatari hii. Huko Marekani, kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1979, na kutengenezwa upya mwaka 2007, yamlazimisha mwenye jina kumpa mnunuzi mtarajiwa waraka wa maelezo wenye vifungu 23, siku 14 kabla ya kutia sahihi au kutoa fedha, na kifungu cha 17 chahusu kuongeza muda, kuvunja mkataba, kuhamisha, na kuamua ugomvi. Lakini kanuni hiyo haimgusi mpewa idhini anapomuuzia mtu wa tatu, ikiwa mwenye jina hakujitia sana katika mauzo yale, na kule kuridhia tu hakuhesabiwi kuwa ni kujitia. Yaani mahali pale pale alipo Zaid na Amru, kanuni imenyamaza. Basi sheria ya dunia ikinyamaza, dhamiri ya Mwislamu haina ruhusa ya kunyamaza nayo.

Wala hadaa si ya upande mmoja tu; muuzaji naye huumia kwa kutojua alichotoa. Ndugu wawili wa California, Richard na Maurice McDonald, waliuza jina la mkahawa wao na haki zake kwa Ray Kroc mwaka 1961 kwa dola milioni 2.7. Duka lao la asili katika mji wa San Bernardino halikuwamo katika mauzo, walilibakisha. Lakini jina lilikuwa limekwenda, nalo lilikuwa ni jina la baba yao. Wakalazimika kuliondoa mlangoni na kuliita duka "The Big M", na Kroc akafungua duka jipya karibu nao kwa lile jina walilozaliwa nalo. Duka la ndugu wale halikudumu. Katika kisa hiki mna mazingatio: mwenye kuuza jina huuza na haki ya kulitamka mlangoni pake. Na aliyenunua, hata kama karatasi imempa, kumkaribia mwenziwe ili kumzima ni jambo ambalo ruhusa yake na uzuri wake havikai nyumba moja.

Limebaki lile swali la imani ya watu. Haki yake ni kusema ya kuwa imani haiuzwi. Kinachouzwa ni nafasi ya kuijaribu imani ile. Mteja aliyezoea kipimo kamili kwa Zaid humwendea Amru siku ya kwanza kwa mazoea, na siku ya pili kwa matarajio, na siku ya tatu kwa alichokiona. Amru hakununua wateja; amenunua siku mbili za dhana njema. Akizichukua kuwa ni amana, zitazaa miaka. Akizichukua kuwa ni ngao ya kughushi nyuma yake, amekula thamani ya jina lisilo lake, akamdhulumu mwenye jina, na mteja, na nafsi yake. Kwa ajili hiyo wajibu wa mnunuzi si mdogo kuliko wa muuzaji: naye huingia katika ahadi ambazo hakuzitoa kwa ulimi wake, bali zilitolewa na kibao kilichoko juu ya kichwa chake.

Basi mwenye kutaka kununua au kuuza na ajiulize haya kabla ya kutia kidole: Mwenye jina ameridhia, na mwenye jengo ameridhia? Muda uliobaki ni kiasi gani? Madeni ni ya nani? Muuzaji amekuwa huru, au ni mdhamini? Na la mwisho, ambalo halina mwandishi: lau mwenziwe angalikijua kila anachokijua yeye, je, angalitoa bei hii? Akiona ya kuwa asingalitoa, basi aseme, apunguze, au aache. Na yaandikwe yote mbele ya mashahidi, kama Mwenyezi Mungu alivyoelekeza kuhusu madeni katika Suratul Baqara, aya ya 282, ndogo na kubwa bila ya kuchoka.

Zaid akimweleza Amru habari ya njia, huenda Amru akaondoka na shamba lake la minazi likasalimika, na Zaid akabaki na kituo chake na hasara yake. Huo ndio uzito wa jambo, wala haufai kufichwa: kusema kweli hugharimu. Lakini hasara ya Zaid imemfika kwa kadari ya Mola wake, na hasara ya Amru ingemfika kwa mkono wa Zaid. Na baina ya mawili hayo pana umbali wa siku ya kuulizwa.

Mwenyezi Mungu awajaalie wenye kuuza na wenye kununua kuwa miongoni mwa wakweli, na abariki mikono yao. Amin.